Maneno ya Sifa katika Kiingereza: Yanaundwaje, na Yanatuhusu Nini?

Mazungumzo ya walimu wa darasa la jioni la watu wazima, yaliyotolewa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Ludara, Koboko, Nile Magharibi



Kamati ilitutaka sisi walimu wa darasa la jioni tuseme machache katika siku hii. Tuliulizana tuseme nini. Historia ya siku yenyewe mmekwisha kuisikia asubuhi: kwamba Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi ulitiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, ukaanza kutumika tarehe 20 Juni 1974, na kwamba tangu mwaka 2001 Umoja wa Mataifa umeifanya tarehe hiyo ya 20 Juni kuwa siku ya wakimbizi wa dunia nzima. Ngoma mmeziona, na nyimbo za watoto mmezisikia. Basi tukaamua kuwaletea kitu kile kile tunachokifanya kila jioni, yaani somo. Somo letu la leo ni maneno ya sifa, ambayo vitabu huyaita vivumishi, na jinsi yanavyoundwa katika Kiingereza.

Tunajua baadhi yenu mnaguna. Mnasema: tumekuja kusherehekea, nao wanatuletea sarufi. Tunawaomba subira. Tutaanza na kisa.

Kuna mzee wetu mmoja, naye ametupa ruhusa tulisimulie jambo lake bila kumtaja jina. Siku moja alikuta jina lake limebandikwa ubaoni katika orodha yenye kichwa kirefu cha Kiingereza. Ndani ya kichwa kile mlikuwa na neno "vulnerable". Mzee huyu Kiingereza anakipapasa tu. Yeye alisoma "valuable", neno alilolijua kutoka sokoni, maana yake ni kitu cha thamani. Akarudi nyumbani ameinua kichwa, akawaambia wajukuu wake: "Leo wameona kwamba babu yenu ni mtu wa thamani." Kesho yake jirani akamwambia, hapana mzee, neno lile maana yake ni mtu dhaifu. Mzee akakasirika sana. Akachukua fimbo yake aende kuomba jina lifutwe, ingawa orodha ile ilikuwa ya kumpatia blanketi na mtu wa kumchotea maji.

Kwa bahati njema alipita kwanza darasani kwetu. Tuliandika neno lile ubaoni, tukalikata vipande viwili. Kipande cha kwanza kinatoka katika neno la Kilatini lenye maana ya jeraha. Kipande cha pili ni "-able", yaani kinachoweza kufanyiwa jambo. Kwa hiyo "vulnerable" ni mtu anayeweza kujeruhiwa. Mzee alilitazama lile neno kwa muda, kisha akasema: "Kama ni hivyo, ni kila mtu. Hata askari mwenye bunduki." Jina lake halikufutwa, na blanketi alilipata.

Ndugu zetu, ndiyo sababu tumelichagua somo hili. Neno la sifa ni neno dogo, lakini ndilo linalotutenga katika mafungu. Kwenye kadi, kwenye fomu, kwenye kitabu cha zahanati, kwenye mtihani wa watoto wetu, tunaitwa kwa sifa. Mtu asiyejua sifa inavyoundwa hulipokea neno zimazima, kama mtu anayemeza kidonge bila kujua ni cha ugonjwa gani.

Sifa isiyovaa sare

Kwanza tuseme habari njema. Katika Kiswahili neno la sifa humfuata jina kama ndama anavyomfuata mama yake, na huvaa sare ya jina hilo: mtoto mzuri, watoto wazuri, kiti kizuri, viti vizuri. Wenzetu wa Kongo waliosoma Kifaransa wanajua kwamba huko nako sifa hubadilika kwa mume na mke, kwa umoja na wingi. Hata Kikakwa cha wenyeji wetu kina "lo" ya kiume na "na" ya kike.

Kiingereza kimevua sare zote hizo. "Good child" ni mtoto mzuri, "good children" ni watoto wazuri. Neno "good" halikutikisika. Ndiyo maana anayesema "goods children" anakosea, kwa sababu anataka kulivika sare neno lisilovaa. Tena "goods" ni neno jingine kabisa, maana yake ni bidhaa, kwa hiyo anakuwa amewaita watoto bidhaa. Kumbukeni pia kwamba Kiingereza huitanguliza sifa mbele ya jina. Sisi husema nyumba kubwa, wao husema "big house", kubwa nyumba.

Habari njema hiyo ina upande wa pili. Kwa kuwa sifa ya Kiingereza haivai kitu mbele, kazi kubwa hufanyika nyuma yake, katika mkia wa neno. Ukiujua mkia, umeijua nusu ya maana.

Mikia ya kuwa na kitu na kutokuwa nacho

Mikia miwili tunayoanza nayo darasani ni "-ful" na "-less". Kwa Kiswahili ya kwanza ni "-enye" na ya pili ni "-sio na". "Hope" ni tumaini: "hopeful" ni mwenye tumaini, "hopeless" ni asiye na tumaini. "Care" ni uangalifu: "careful" ni mwangalifu, "careless" ni mzembe. "Harm" ni madhara: "harmful" ni chenye madhara, "harmless" ni kisicho na madhara. Tafadhalini, akina baba mnaonunua dawa ya wadudu ya kupulizia mihogo na simsim, tofauti ya mikia hii miwili ni tofauti ya mtoto mzima na mtoto hospitalini. Someni karatasi ya chupa mpaka mwisho wa neno.

Angalieni maandishi. "Full" likisimama peke yake lina herufi l mbili. Likiwa mkia lina moja. Nalo neno likiisha kwa "y" iliyotanguliwa na konsonanti, "y" hugeuka "i": "beauty" huwa "beautiful", "mercy" huwa "merciful". Maswali ya namna hii huja katika mtihani wa Darasa la Saba, ule wa PLE. Mtoto hupewa neno ndani ya mabano aligeuze lifae katika sentensi. Mtoto anayejua mikia hii hupata alama bila kukisia.

Lakini msidhani kila neno lina jozi. Kuna "homeless", asiye na makao, wala hakuna mtu anayesema "homeful". Kiingereza kilimpa jina asiye na nyumba. Mwenye nyumba hakikuona haja ya kumtaja. Tena kuna maneno yanayodanganya. "Priceless" lingeonekana kuwa kitu kisicho na bei, yaani cha bure, kumbe maana yake ni kitu ambacho bei haiwezi kukifikia. Kitu kisicho na thamani huitwa "worthless". Basi ukitaka kumsifu mama mkwe wako kwa Kiingereza, chagua vizuri.

Mikia mingine ya majina

Mkia "-y" hutueleza hali ya kujaa au kupakaa kitu. "Dust" ni vumbi, "dusty" ni -enye vumbi, kama barabara yetu ya Koboko wakati wa kiangazi. "Mud" ni tope, "muddy" ni -enye tope, kama barabara hiyo hiyo wakati wa mvua. Mwaona "muddy" limeongeza d. Neno fupi lenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni huirudufu konsonanti ile: "mud, muddy", "sun, sunny". Neno lenye "e" ya mwisho huitupa: "noise" huwa "noisy".

Mkia "-en" ni wa kitu kilichotengenezwa: "wooden" ni -a mbao, "golden" ni -a dhahabu. Mkia "-ish" huwa ni kufanana au kukaribia: "reddish" ni wekundu-wekundu, "childish" ni -a kitoto, nalo si neno la kusifu. Mkia "-ly" ukiongezwa kwenye jina la mtu hufanya kazi ya "ki-" yetu: "friend" ni rafiki, "friendly" ni -a kirafiki, "mother" ni mama, "motherly" ni -a kimama. Kwa akina mama wanaowapeleka watoto zahanati, shikeni maneno haya: "feverish" ni mwenye dalili ya homa, "sleepy" ni mwenye usingizi, "sleepless" ni aliyekosa usingizi. Mama akisema mtoto wake ni "sleepy" na kumbe mtoto hakulala usiku kucha, mganga atatafuta ugonjwa mwingine.

Sasa tunawageukia wenzetu wa Kongo, ambao mara nyingi hukaa nyuma darasani wakisema, sisi Kiingereza hatukijui. Ninyi mnacho nusu, ila hamjakifungua. Mwaka 1066 William wa Normandy aliivuka bahari kutoka Ufaransa akaishinda Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa. Maelfu ya maneno yalibaki. Kwa hiyo "-eux" yenu mara nyingi ni "-ous" yao: "dangereux" ni "dangerous". "-if" ni "-ive": "actif" ni "active". "-ique" ni "-ic": "public" wameifupisha kama ninyi. "-aire" ni "-ary": "nécessaire" ni "necessary", "volontaire" ni "voluntary". Mtego upo mmoja: mengine yamebadili maana njiani. "Sensible" yenu ni mtu anayeguswa upesi, "sensible" yao ni mtu mwenye busara. "Actuel" yenu ni ya sasa, "actual" yao ni ya kweli. Yafanyeni kama ndugu waliopotezana siku nyingi: msalimieni, kisha muulizeni habari zake kabla ya kumkabidhi mzigo.

Anayetenda na anayetendwa

Sasa tumefika mahali ambapo darasa letu huanguka zaidi, nalo ni mikia "-ing" na "-ed". Hapa kitenzi hugeuzwa kuwa sifa. Kwa ufupi, "-ing" ni kinachofanya, na "-ed" ni aliyefanyiwa. "Tire" ni kuchosha. Safari ni "tiring", inachosha. Msafiri ni "tired", amechoshwa. Habari ni "frightening", inatisha. Mtoto ni "frightened", ametishwa. Mtu akisema "I am boring" akidhani anasema amechoka kukaa bure, kumbe amejitangaza kwamba yeye ndiye anayewachosha wenzake.

Kuna baba mmoja miongoni mwetu aliyepotezana na mwanawe wakati wa kukimbia. Alijaza fomu ya kumtafuta bila kumwuliza mtu, kwa sababu hakutaka watu wamwone akilia. Mahali pa hali ya mtoto aliandika: "My son is missed." Karatasi ikalala. Ofisi hatuitaji, wala hatumlaumu mtu, maana aliyeisoma aliona salamu za huzuni, hakuona ombi. Kwa Kiingereza "missed" ya sentensi ile ni mtu anayekumbukwa na watu wake, wanayemwonea kiu. Mtoto asiyejulikana alipo huitwa "missing". Baba yule alipotuletea nakala yake tulimweleza tofauti, akaijaza upya. Tulimwambia pia kwamba sentensi yake ya kwanza haikuwa ya uongo. Yote mawili yalikuwa kweli. Ila fomu ilitaka moja tu.

Tangu siku ile tunafundisha "missing" na "missed" juma la kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mtoto yule bado anatafutwa. Tunaomba dua zenu.

Kwa wenyeji wetu tunaongeza jambo moja. Ninyi mnajua ukimbizi. Baada ya mwaka 1979 wengi wa Nile Magharibi walikimbilia Sudan na Zaire, wakarudi katikati ya miaka ya 1980. Barbara Harrell-Bond alikaa na wakimbizi wa kutoka upande huu huko Yei, akaandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1986, jina lake "Imposing Aid". Tazameni "-ing" ile. Kama ni kitendo, jina lile ni kulazimisha msaada. Kama ni sifa, "imposing" ni kitu kikubwa cha kuogopesha macho, kama jengo refu. Wafanyakazi wa mashirika wanaotusikiliza wanajua kitabu kile kilikuwa na maana gani. Sisi tunasema tu kwamba mkia mmoja waweza kubeba maana mbili.

Sifa zinazokataa

Kiingereza hukataa kwa vipande vya mbele. "Un-" ndicho cha kawaida: "safe" ni salama, "unsafe" si salama. Kuna "dis-": "honest" ni mwaminifu, "dishonest" si mwaminifu. Kuna "in-", nacho kina tabia ambayo Waswahili hawana haki ya kuishangaa. "In-" ikikutana na p au m hugeuka "im-": "possible" huwa "impossible". Ikikutana na l hugeuka "il-": "legal" huwa "illegal". Ikikutana na r hugeuka "ir-": "regular" huwa "irregular". Wanafunzi hulalamika kwamba Waingereza wanabadilibadili. Lakini sisi wenyewe husema nyumba nzuri, kisha nyumba mbovu, kisha nyumba ndefu. "N" yetu ikikutana na b imegeuka "m", na ikikutana na r imeifanya kuwa "nd". Ulimi wa binadamu ni mmoja, hupenda njia ya mkato.

Mtego wa hatari uko hapa. "Flammable" ni kitu kinachoshika moto upesi. Mtu aliyesoma kidogo ataona "inflammable" juu ya pipa, atasema "in-" inakataa, basi hakishiki moto, atawasha sigara. La hasha. "Inflammable" nalo ni kinachoshika moto upesi. Maneno yote mawili yana maana moja, kwa kuwa "in-" ile haikutoka kwenye kukataa bali kwenye "ndani": kutia moto ndani. Nanyi mnaouza petroli kwenye chupa kando ya barabara, mwaambieni watoto. Vivyo hivyo "invaluable" si kitu kisicho na thamani, ni kitu chenye thamani isiyopimika.

Juu ya "illegal" tuna neno la heshima kwa wote. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, ibara ya 31, unataka nchi zisimwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali akitoka moja kwa moja mahali pa hatari, mradi ajitokeze kwa wakuu bila kuchelewa na aeleze sababu njema. Mtu aweza kuwa ameingia kwa njia "illegal". Mtu mwenyewe hawi "illegal". Sifa ni ya njia, isihamishiwe kwa mpitaji.

Sifa za kuunganisha

Njia ya mwisho ni kuunganisha maneno mawili au matatu kwa kistari. Safari ya siku tatu ni "a three-day journey". Mtoto wa miaka mitano ni "a five-year-old child". Angalieni: "day" na "year" hazina s, kwa sababu zimekuwa sifa, na sifa tumesema haivai sare. Nyumba ya vyumba viwili ni "a two-roomed house".

Sifa ya namna hii ndiyo iliyo kubwa kuliko zote kwetu. Mkataba wa 1951 unaposema mkimbizi ni nani, hausemi tu kwamba anaogopa. Unasema woga wake uwe "well-founded". Tulikate neno. "Well" ni vizuri. "Founded" inatoka kwa kitenzi cha kujenga msingi, ikiwa na mkia "-ed", yaani uliojengewa msingi. Woga uliojengewa msingi mzuri. Woga ni wa moyoni mwako, hakuna awezaye kuuona. Msingi ni mambo yaliyotokea, nao unaweza kuonyeshwa: siku gani, kijiji gani, nani alikuja, kwa sababu gani walikufuata wewe. Wengi wetu tulipoulizwa tulisema niliogopa, niliogopa, niliogopa, tukanyamaza. Tulileta paa bila msingi. Hatusemi mtu atunge. Atungaye nyumba yake itaanguka. Tunasema aliyekimbia kweli ajue kwamba anayemhoji anatafuta msingi, na amweleze aliyoyaona kwa utaratibu wake.

Sifa ya pili ni "voluntary", ya hiari, ile ambayo Wakongo wanayo tayari. Mkataba wa Afrika wa 1969, ibara ya 5, unasema kurudi kwa mkimbizi kwao kuwe kwa hiari, wala asirudishwe kinyume cha mapenzi yake. Ukiondoa sifa hiyo moja mbele ya neno "repatriation", kinachobaki ni gari la kubebea watu. Mjifunze kulisoma na kulitamka.

Mwisho

Tumalizie na neno "refugee" lenyewe. Mwaka 1685 mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifuta haki za Waprotestanti wa nchi yake, wengi wakakimbia. Waliofika Uingereza walikwenda na neno lao, "réfugié". Kwa Kifaransa lilikuwa sifa, mtu aliyejipatia kimbilio, na mkia wake "-é" ni ndugu wa "-ed" tuliyojifunza. Waingereza walilipokea, wakalipa mkia "-ee", wakalifanya jina. Kwa hiyo neno lenyewe lilivuka mpaka, nalo lilianza maisha yake likiwa sifa.

Hilo ndilo tunalotaka mwende nalo. Sifa hueleza hali ya mtu. Barabara ile ile ni "dusty" mwezi wa Januari na "muddy" mwezi wa Agosti, na jina lake ni lile lile. Wenyeji wetu hapa waliitwa wakimbizi miaka ya 1980 kule Yei na Aru, na leo wanatupa sisi mahali pa kulima. Sisi nasi tunajibu neno hilo kwenye fomu, na hatulionei haya, lakini kila mmoja wetu ana jina alilopewa na wazazi wake kabla ya siku ya kukimbia.

Tunawashukuru wenyeji kwa ardhi na kivuli cha mwembe tunaofundishia. Tunawashukuru wafanyakazi wa mashirika kwa chaki na madaftari, nasi tunawaomba jambo moja lisilo na gharama: mnapobandika orodha yenye neno la sifa, mwandikeni mtu wa kusimama kando yake na kulieleza kwa Kiswahili, Kikakwa na Lingala. Mzee wetu hangechukua fimbo.

Darasa linaendelea Jumatatu na Jumatano, saa kumi na moja jioni. Kazi ya nyumbani ni hii: kila mtu achukue kadi yake, atafute juu yake maneno ya sifa, ayakate vipande, aje atueleze. Akina mama mje na watoto wenu, hatumfukuzi mtoto kwa kulia.